Picha ya Saa Nane Usiku

Kila usiku saa nane, Moshi imelala,
wingu linaipiga picha diski yetu.
Silioni. Halina mwanga, halina mlio.
Asubuhi naikuta picha kwenye orodha:
tarehe, ukubwa, na neno moja, Imekamilika.

Ndani yake kuna kahawa ya watu elfu na mia nane,
kilo kwa kilo, tangu mizani ya Uru hadi ya Kirua,
deni la mbolea la Bwana Ndekirwa,
ada ya shule aliyokopa Mama Elinsia
na jina la mrithi wake, ambalo kalibadilisha mara mbili.

Mweka hazina, Bwana Kilasara, aliikunja barua ya bei
ya kampuni ya nje inayotaka kututunzia nakala
mbali na wingu letu, kwa malipo ya kila mwezi.
"Picha tunazo," akasema. "Zimekuja na nyumba.
Usiache mbachao kwa msala upitao."
Akarudisha miwani mfukoni.
Kikao kikaisha.

Sikumjibu. Mbachao naupenda.
Ndio ulioniokoa Machi, kijana wa mafunzo
alipofuta jedwali zima akidhani ni la majaribio.
Dakika kumi na moja, tukarudi jana,
chai yangu ingali moto.
Nani atautukana mkeka kama huo?

Lakini Jumamosi moja, ofisi tupu,
mvua ya vuli ikichapa bati za Kiborloni,
niliifungua picha moja pembeni, nione tu.
Simu za mizani hutuma hesabu zake usiku,
mtandao ukiwa mwepesi. Picha iliwakuta njiani:
kilo arobaini na mbili, daraja la pili,
na palipotakiwa jina,
pengo.

Picha haingoji umalize sentensi.

Tena zote zinalala kwa mwenye nyumba mmoja,
nywila moja, kadi moja ya benki
ambayo muda wake unaisha Juni.
Siku akifunga mlango kwa deni
amefunga na kabati, na albamu ndani ya kabati.

Kwetu Rau nyumba iliungua nikiwa darasa la tano.
Picha za baba zilikuwa sanduku moja, chini ya kitanda.
Sura yake ninayo leo kwa sababu Hasanali wa studio
alikuwa anatudai, hakutupa negativu.
Miaka sita kazishikilia ndani ya bahasha,
na nilipokwenda, alitaka kwanza alipwe.
Nililipa. Nililia, lakini nililipa.

Msala nao siuamini hivi hivi.
Kijana wao wa mauzo, Aminieli, viatu vinang'aa
kuliko hoja zake, alitaka funguo za nyumba nzima.
Nikampa za chumba kimoja, za kusoma tu.
Baada ya wiki mbili nikamwambia:
weka kando vipeperushi, nirudishie jina moja.

Alianza saa tatu. Saa saba mchana
bado tunautazama mstari wa kijani ukitambaa.
Nikala ndizi na maharage, nikarudi, ungali unatambaa.
Saa nane kasorobo likatokea, zima, na herufi zake zote:
Elinsia Ndeshi Mmari. Mrithi: Kunda.
Lile la pili, ndilo alilolitaka.

Jumatatu nilimwandikia Bwana Kilasara ukurasa mmoja.
Mbachao tusiuache, nimesema,
wa kujikwaa leo na kuinuka leo.
Ila mmoja atutunzie bahasha nje ya nyumba hii,
tumlipe, na kila mwezi tumgongee mlango
tumwombe jina, tuone kama analo.
Akiba haiozi, wanasema. Sijui.
Mimi naifungua kwanza ninuse.

Barua iko mezani kwake, chini ya miwani.
Hajatia saini.
Sasa ni saa saba na dakika hamsini na nane,
simu za mizani zinatuma,
na kuna mtu Kirua, jina lake limefika nusu.