Kifungo cha Tatu

Picha za zamani hazijui nyekundu.
Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia wanaokuja hapa Bolgatanga
na bahasha mkononi. Nyekundu huungua ikawa nyeusi,
samawati hupauka kama maziwa yaliyotiwa maji,
na njano, usiiamini njano hata kidogo.
Tarbushi hiyo nyeusi tii ilikuwa rangi ya pilipili.

Lamisi, aliyepewa jina la Alhamisi, alikuja Alhamisi.
Akaitoa picha ndani ya kadi ya hospitali:
baba yake, Akolgo, amesimama wima
mbele ya pazia lililochorwa ngazi zisizopanda popote.
"Niambie tu kama alifika Burma.
Mama alisema alifika. Baba zangu wadogo walicheka."

Nikaanza kama nianzavyo siku zote, chini kwenda juu.
Miguu mitupu: haisemi kitu,
wengi walivua viatu vilivyowabana, wengine hawakupewa.
Mshipi, bamba la shaba.
Vifungo vya mchikichi, vitano, ila cha tatu hakipo;
mahali pake uzi mweupe umefungwa msalaba.
Bega la kushoto, duara jeusi, tupu.
Nikainamisha taa. Nikaipumulia lenzi, nikaifuta kwa pindo la blauzi.
Ndani ya weusi kulikuwa na weusi mwingine
na ule wa pili ulikuwa na miguu.
Minane.
Buibui wa divisheni iliyopelekwa kwenye misitu ya Burma,
njano ya duara lake imezama tumboni mwake mwenyewe.

"Alifika," nikasema. Nilisema upesi mno.
Lamisi hakulia. Aliomba maji.

Usiku ule kifungo kisichokuwepo kilininyima usingizi.
Nikarudi kwenye sanduku la Oyelami, mpigapicha Myoruba
aliyepanga chumba karibu na soko kabla ya uhuru,
akaacha deni la kodi na picha mia mbili ambazo hazikuchukuliwa.
Huyu kijana, chale tatu shavuni: kifungo cha tatu hakipo.
Huyu mnene, gwanda limegoma kufunga: uzi mweupe, msalaba.
Huyu mvulana, mikono yake imepotea ndani ya mikono ya gwanda.
Ngazi zilezile. Buibui yuleyule.
Na nyuma ya moja, kwa penseli:
picha shilingi mbili, na nguo tatu.

Gwanda nilikuwa nimelitambua barabara.
Mtu, hapana.

Orodha za jeshi nazo? Karani aliandika kabila mahali pa jina la baba:
Akolgo Frafra, Akolgo Frafra, Akolgo Frafra,
saba, na mmoja ameongezewa "mfupi".

Alhamisi ya pili nikazipanga picha nne mezani
kama mtu aliyeshindwa karata.
Lamisi alizitazama kwa muda mrefu kuliko mimi, bila lenzi.
Akaweka kidole kwa baba yake.
"Masikio haya ni ya kaka yangu. Haya hayakukodiwa."
Halafu: "Shilingi nzima ya ziada!
Mtu aliyekuwa akituhesabia punje za chumvi!"
Akacheka mpaka akakohoa.

Mlangoni akageuka.
"Lakini buibui ni wa kweli?"
Wa kweli.
"Basi kuna mtu alifika nalo huko.
Likamtoka, au yeye akalitoka.
Mtafute huyo. Ana watoto mahali,
na bahasha yao haina kitu."

Picha yake sina. Nina uzi mweupe
na mkono usiojulikana uliokata kifungo, au risasi, au mwiba tu.
Kwenye kadi nimeandika kwa penseli, maana wino ni kiburi:
Gwanda, Burma. Aliyelivaa kwanza hajulikani.
Limevaliwa pia na Akolgo, kwa shilingi moja.
Limemkaa vizuri mabegani.