Kopo la Kumi na Moja

Tangu ile homa ya Februari
Lamzira hasikii harufu.
Kitunguu kikiungua, yeye hufunua ukurasa.
Supu na maji ya sabuni, kwake ni ndugu.
"Otari," akasema, "nitafutie chai ya tunda,
chai nyeusi, na tunda liwe la kweli.
Labda pua imelala tu."

Nikashika njia, mimi niliyekula miaka thelathini
katika kiwanda cha chai cha Ozurgeti.
Enzi zile tulikausha majani kwa tani,
hatukuwa na habari ya matunda;
atakaye limau alikate mwenyewe.

Ozurgeti kwanza, kisha basi la Batumi.
Makopo yamepangwa kama maharusi:
cheri, aprikoti, zabibu za msituni,
picha tamu kuliko kilichomo.
Kizuri chajiuza; haya yalinivuta shati.
La cheri lilinuka dawa ya kikohozi.
La aprikoti, teksi iliyooshwa asubuhi.
Moja lilikuwa na vipande vyekundu. Nikatafuna kimoja:
tufaha lililopakwa rangi, linaona haya.
Na chini ya manukato yote hayo, chai yenyewe
vumbi. Nalijua vumbi. Nimelifagia.

Makopo kumi. Kila jioni Lamzira
aliinamia mvuke, akafumba macho,
akainuka.
"Moto," alisema. "Nasikia moto tu."

La kumi na moja halikuwa kopo.
Eteri wa nyumba ya pili, mwanamke mkali,
ana ngazi yangu tangu mwaka juzi,
huchuma kwenye mabaki ya shamba letu la zamani,
michai iliyosahauliwa, imemfika kidevuni.
Huyasokota majani kwa viganja,
huyafungia katika chupa ya achari
pamoja na maganda ya fyulisi
yaliyokaukia juu ya bati.
"Chukua," akasema, "na habari ya ngazi tuiache."

Nikachemsha maji. Nikahesabu dakika nne
kwa saa niliyopewa siku ya kufunga kiwanda.
Rangi ikaja, shaba iliyosuguliwa,
kisha fyulisi, taratibu, nyuma ya chai,
kama mgeni anayejua kuvua viatu.

Lamzira akainama. Akakawia.
Miwani ikajaa ukungu, asiifute.
"Forsadi," akasema. "Otari, ni forsadi!
Ule mti wa mama, nyuma ya banda la kuku."

Maganda ya fyulisi yalikuwa mezani, wazi.
Nikayafunika kwa kitambaa cha mkate.
"Forsadi," nikasema,
nikammiminia kingine.