Mshika Mikoba

Kurasa za mbele ni za wateja:
kiuno ishirini na sita, sketi ya marinda, amelipa nusu.
Za nyuma ni zetu. Niligeuza daftari kichwa chini
usiku mmoja wa Februari, sare za shule zilipokwisha,
nikaandika SAFARI YA DESEMBA. Nikapiga mstari. Mara mbili.

Siku ya kwanza, mitelezo ya maji.
Siku ya pili, vigari vya kugongana.
Siku ya tatu, garimoshi linalopinduka, na gurudumu,
lile kubwa la upande wa Ruaka
ambalo Ombati huapa analiona kutoka paa letu hapa Umoja,
akisimama juu ya karai kati ya shuka za majirani.
(Ni mnara wa simu. Sijamwambia.)

"Viwanja vitatu?" Mogaka akauliza, kijiko hewani.
"Vitatu. Kwani nimeomba mwezi?"

Chini ya miaka minne, bure.
Bosibori atatimiza minne wiki mbili kabla.
Tulitazamana, mimi na baba yake,
kisha tukautazama mdomo wa Bosibori, usiojua kufuli,
nikaandika: Bosibori, tiketi.

Chakula cha nje marufuku.
Hilo halikunisumbua. Nashona bitana ya begi
inayomeza chapati kumi na mbili na isivimbe.

Garimoshi linadai sentimita mia na ishirini.
Kila Jumapili Ombati hunipa mgongo kwenye fremu ya mlango
nami huvua tepu shingoni.
Machi, mia na kumi na nne. Juni, na kumi na tano.
Anakula sukuma bila kulazimishwa.
Anachana nywele kuelekea mbinguni.
Nimewaachia watoto wa watu pindo la kukulia, vidole vinne,
nikijua watalimaliza;
huyu wangu namwombea sentimita
kama mtu aombavyo mvua.

Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Hawasemi kwamba kibaba nacho hukua.
Agosti, bei ya mlangoni ikapanda.
Septemba, cherehani ikang'oka jino.
Nikafuta vigari. Nikafuta mitelezo ya maji.
Bosibori hajui kusoma;
aliendelea kulala na kofia yake ya kuogelea.

Oktoba, Nyanchama, gredi ya nane,
akasema bila kuinua macho, "Msinihesabu.
Mambo ya watoto hayo."
Nikalikata jina lake taratibu,
mkono mzito, kama mkasi
kwenye kitambaa nisichotaka kukikata.

Leo tokeni imeisha. Kwa tochi ya simu
natafuta vipimo vya suti ya mwalimu wa kwaya,
nafungua upande usio wake.
Kuna mwandiko usio wangu, wino wa kijani,
umenyooka kama mshono wa mashine mpya:

*Tufike kabla ya saa tatu, foleni fupi.
Ombati kwanza, garimoshi. Avae viatu vya shule, soli nene.
Bosibori asinywe soda kabla ya vikombe vya kuzunguka.
Saa kumi na nusu, gurudumu: Baba, Mama.*

Kwenye orodha yangu, miezi yote hii,
kando ya jina langu kulikuwa na kiingilio tu
na maneno mawili: mshika mikoba.
Ameyakata. Ameyashusha chini,
kando ya jina alilolirudisha mwenyewe.
*Nyanchama, mshika mikoba.*

Nimekaa. Simu imebaki asilimia nne.
Mimi ninayeanika nguo ghorofa ya tano
nikitazama vibanio, vibanio tu, kamwe si chini,
na hakuna katika nyumba hii anayejua.

Nimeongeza tiketi moja kwenye jumla. Pamepungua mia tatu.
Jumatatu kuna sketi sita za kupunguza kiuno.
Kisha pembeni, kwa herufi ndogo
ambazo hata yeye na macho yake atazitafuta,
nimeandika: kule juu kabisa,
huwa linasimama kwa muda gani?