Nusu Kilo

Mradi ulikwisha Juni. Wakahesabu viti, wakavikunja,
wakapakia jenereta na friji ya chanjo.
Gari jeupe likapanda tuta la mto Nzoia,
vumbi likabaki likishukia sukuma wiki, bila haraka.

Mizani waliiacha. Yaning'inia kwenye boriti ya zahanati,
mshale wake haurudi sufuri:
huanzia nusu kilo kabla mtoto hajatiwa.

Nabwire anaijua tabia yake.
Posho hana tena; ana kalamu, na daftari
lenye nembo ya watu walioondoka.
Kila Alhamisi anapima, anatoa nusu, anaandika.

Hakuna aliyemwagiza atoe.
Ripoti ya mwisho, ile ya kurasa za kung'aa, haikutoa:
watoto wetu walinenepa zaidi Nairobi, kwenye karatasi,
kuliko huku Budalang'i.

Lakini jana kaletwa Wandera,
yule aliyefika mwezi wa mafuriko,
shingo kama bua la mtama,
wakamlisha njugu za pakiti, ncha ya kidole kwa ncha ya kidole,
usiku kucha, kwa zamu.

Kilo tisa na nusu.
Nabwire akatoa ya mizani.

Tisa.

Hiyo nayo waliiacha.