Sahihi

Mimi ndiye nitundikaye picha zao ukutani.
Watano walipita mbele ya dawati langu hapa Augusta,
kila mmoja na neno lake alipendalo:
wa kwanza viwango, wa pili uwajibikaji,
la wa tatu silikumbuki, alikaa miezi tisa.
Gavana huteua, maseneta huhoji na kupitisha.
Gavana akianguka, naenda stoo kutafuta maboksi.

Wa sita alikuwa Verna Ouellet, mtoto wa viazi,
wa kule kaskazini, Aroostook, ambako shule hufungwa
wiki tatu kila vuli, watoto wakavune
kabla ardhi haijaganda.
Siku ya kiapo, koti lake lilikuwa na vifungo vya buluu
na kimoja cheusi, kisicho cha ukoo wao.
Nilikiona. Nikanyamaza.

Watu hudhani kamishna wa elimu ni mwalimu wa jimbo zima,
akipiga chafya, madarasa yote yanasimama.
Wapi! Kazi yake ni mabomba:
fedha huingilia huku, hutokea kule,
na katikati ipo kanuni ya kurasa arobaini
inayoeleweka na watu wawili,
na mmoja wao keshastaafu, anafuga nyuki.

Kingine ni kujibu.
Basi limechelewa, mwandikie kamishna.
Kitabu kina tusi, mwandikie kamishna.
Maziwa ya kantini yana barafu, kamishna!
Mkubwa ni jaa, walisema waliosema,
na mimi ndiye niliyelipanga jaa hilo kwa alfabeti.

Ipo mashine ya kutia sahihi.
Unaiwekea karatasi, kalamu inacheza yenyewe
na Verna Ouellet anatokea, mkia wa herufi ya mwisho ukipaa,
hata akiwa kwa daktari wa meno.

Januari ikaja barua kutoka Kelso Brook,
shule ya watoto kumi na mmoja na paa linalovuja.
Bodi ya wilaya ilikwisha kupiga kura ifungwe,
ilibaki sahihi yake tu.
Penseli. Darasa la nne. Jina: Emeric Sirois.

*Mheshimiwa, basi jipya litachukua dakika sabini.
Mimi hutapika kila baada ya dakika ishirini.
Nimegawanya: ni mara tatu na nusu kwenda,
mara saba kutwa.
Naomba unisahihishie.*

Alichukua kalamu nyekundu, ualimu hautoki mwilini,
akapitia kugawanya, akapitia kuzidisha,
akaandika pembeni: Sahihi.
Kisha akakaa na neno hilo
mpaka taa za korido zikajizima.

Hakuniaga. Aliendesha saa tano kwenye theluji,
akalala kwa dereva wa basi,
saa kumi na moja na nusu alfajiri akapanda,
saa ya mkononi kaivua, kaishika.
Dakika ya ishirini na tatu, mtoto akatimiza ahadi.
Najua, maana koti lilirudi
likinuka sabuni ya vyombo.

Ijumaa aliifunga shule.
Kwa mkono. Mashine nilikuwa nimeiwasha, akaizima.
Paa ni paa, alisema, na kumi na mmoja ni kumi na mmoja.
Lakini akaongeza sharti: basi la pili, njia fupi ya mtoni,
dakika zisizozidi hamsini,
na fedha akazikamua kwenye bajeti ya makongamano.
Wilaya walinuna. Kwao walimwita msaliti.
Mama yake hakupokea simu mpaka Pasaka.

Machi, penseli tena:
*Sasa ni mara mbili na nusu.
Asante kwa ile moja.*

Novemba gavana akaanguka. Nikaenda stoo.
Aliacha kikombe, akaacha ngao zote za shukrani,
akabeba faili moja jembamba kwapani.

Picha yake nimeitundika Jumatatu.
Koti ni lile lile.
Mpiga picha alitaka kukipaka buluu kile kifungo.
Nikamwambia kiache,
kiko sahihi.