Mstari wa Mia Mbili Kumi na Saba

Masjala iko nyuma, jirani na choo cha mahabusu.
Bi Tukae ananipa kiti kisicho na egemeo,
kisha onyo:
"Jalada likitoka na uzi wake, lirudi na uzi wake."

Mlimani walinikabidhi kompyuta na orodha.
Moja: upelelezi haujakamilika.
Mbili: hakimu ana udhuru.
Tatu: shahidi hakufika.
Nne: mshtakiwa hakuletwa.
Tisini na tisa: sababu haikuandikwa.
Kazi yangu kugeuza kila ahirisho kuwa tarakimu,
na nisitokwe jasho juu ya karatasi,
wino wa zamani huo, unakimbia.

Wiki ya kwanza niliamini mwizi ni moja.
Moja, moja, moja, kama mvua ya Temeke juu ya bati.
Wiki ya tatu nne ikainua kichwa.
Nne, mwisho wa mwezi.
Nne tena, siku ambayo hakimu alikuwepo,
mpelelezi alikuwepo na bahasha yake ya kaki,
shahidi kaomba ruhusa kazini, katoka Mbagala alfajiri;
asiyekuwepo ni mwenye kesi tu.

"Karandinga," alisema Bi Tukae, macho kwenye uzi.
"Dizeli."

Gerezani nilikwenda na Dokta Kokushubila
na barua za kibali, kila moja na muhuri wake.
Aliletwa amevaa ndala zisizo pacha.
Jina lake nalijua. Kanuni haziniruhusu.
Kwetu yeye ni mstari wa mia mbili kumi na saba:
nondo sita, anadaiwa kuziiba Kigamboni,
miezi kumi na tisa ndani,
mara ishirini na tatu kesi imetajwa, ikarudi kulala.

Nikamsomea fomu ya ridhaa, neno kwa neno, tulivyofundishwa:
"Kushiriki ni hiari yako.
Una uhuru wa kujitoa wakati wowote,
bila kutoa sababu, bila kuadhibiwa."

Akasema, rudia hapo.
Nikarudia.
Akacheka. Alicheka mpaka askari akaja kuuliza kuna nini,
na askari naye akasomewa, naye akacheka,
nikabaki peke yangu na fomu mkononi.

Saini anayo. Akachagua dole gumba:
jina lake lilikwisha kuandikwa namna tatu
katika jalada moja,
dole, alisema, halikosewi herufi.

Mwezi wa sita tukawasilisha.
Kiyoyozi cha kugonganisha meno, sambusa chini ya karatasi.
Dokta akaonyesha mchoro, nguzo ya nne
imeipita ya hakimu kwa kichwa na mabega.
Mkubwa mmoja akauliza kama sampuli inatosha.
Mwingine, tangu lini mafuta ya gari yakawa taaluma.
Afisa mmoja wa magereza, mama wa makamo,
hakuuliza kitu. Alitoa daftari lake la safari,
akalilaza kando ya mchoro,
akafuata kwa kidole, tarehe kwa tarehe.
"Miaka minne naandika haya," akasema.
"Nilikosa nguzo."

Sasa kuna ratiba. Dizeli ya mahakamani
inatengwa kabla ya dizeli nyingine.
Nne imepungua; kwa kiasi gani sisemi,
bado tunahesabu,
na Dokta hapendi mtu anayepiga vigelegele kabla ya jedwali.

Na yule wa nondo?
Alihukumiwa miezi kumi na miwili
akiwa ameshakaa ishirini na mmoja.
Akatoka siku ileile, na ndala zake.
Ile tisa iliyozidi
niliitafutia safu usiku kucha. Haina.

Fomu yake iko Mlimani, kabati la chuma, makufuli mawili.
Kanuni za maadili zinasema: itunzwe miaka mitano,
kisha iteketezwe.
Funguo ninazo mimi.
Kila nikipita ukumbini na chai yangu nakumbuka,
dole gumba lake
bado limo ndani.