Sanduku kwa Sanduku

Naanza saa moja asubuhi, darajani.
Mwaka uliochongwa kwenye zege umeliwa na kuvu,
imebaki tisa na kitu kama sifuri.
Mama alisema daraja hili mto uliling'oa mara mbili;
mara ya tatu ukang'olewa mto wenyewe,
ukapelekwa kusini kwa bomba.

Usukani wangu uko kulia, tofauti na wa majirani,
mkono ufikie sanduku bila kushuka garini.
Haverstock: bili ya maji, katalogi ya mbegu.
Purewal: babu yao alikuja na kilemba na mkasi wa kupogolea,
sheria ikamnyima shamba,
akapanda pichi kwa jina la mtu mwingine.
Leo jina lao limepakwa rangi ya kijani,
herufi kubwa kiasi kwamba hata mwenye mbio hulisoma.

Kisha maili nne za milozi,
safu zimenyooka kama za swala.
Februari huchanua, na malori huja usiku
na mizinga ya nyuki wa kukodi.
Hapa hata nyuki ni kibarua.

Penye kona punguza mwendo. Palikuwa na stesheni.
Reli iliuzwa chuma chakavu,
limebaki tuta la kokoto na shamari mwitu.
Hapo akina Morinaga walisimama, mwaka wa arobaini na mbili,
watoto na kadi zilizofungwa vifungoni
kama vifurushi vinavyosubiri stempu.
Njia hii ilikuwa ya Bibi wakati huo.
Barua zao alizirudisha zote, juu yake akiandika:
*Wamehama.*
Neno hilo lilimkaa kooni hadi kufa kwake.
Silabi moja zaidi na lingekuwa kweli:
wamehamishwa.
Sanduku lao sijui lilikwenda wapi. Nguzo ipo,
na kila ninapoipita mguu huondoka kwenye mafuta
kabla sijauambia.

Nyuma ya shule iliyofungwa kuna mwamba wenye mashimo,
vinu walimotwangia kokwa za mialoni.
Kibao cha serikali kinasema, "Waliishi hapa."
Ardith Lorenzo hukiegemea kila siku akinisubiri,
dawa yake ya presha, jarida lake la uvuvi,
ananiuliza mbona nimechelewa.

Lami inaishia mlimani.
Moto wa mwaka juzi uliacha dohani moja, imesimama peke yake,
na sanduku lililokunjamana kama ngozi ya maziwa.
Halimo kwenye orodha yangu tena.
Lakini leo kibendera chake chekundu kimeinuliwa.

Ndani: kiota cha nyigu, kikavu,
na bahasha iliyoandikwa kwa penseli,
kwa kampuni ya umeme. Haina stempu.

Nimepapasa mfukoni,
nimebandika yangu,
nikakishusha kibendera.